Uchaguzi wa Kioo cha Jicho

Mwanadamu amepewa macho mawili, lakini hakupewa kuona kila kitu. Tai aeleaye juu ya nyika ya Tsavo humwona sungura majanini kutoka mahali ambapo mimi na wewe tusingeyaona hata majani yenyewe. Kwa sababu ya upungufu huo watu walitafuta msaada, na msaada mmoja mkubwa walioupata ni darubini. Walakini kila msaada una masharti yake. Jembe hutaka mkono unaojua kulima, na kalamu hutaka akili yenye neno la kuandika. Darubini nayo hutaka jicho linalojua linatafuta nini.

Msomaji wangu, nataka kuzungumza nawe juu ya sehemu moja ya darubini, sehemu ambayo ukubwa wake haupiti kikombe cha kahawa. Nasema juu ya kile kioo ambacho mtazamaji hukisogeza karibu na jicho lake. Yamkini utaona kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Nakuomba subira. Mlango ni mdogo kuliko nyumba, lakini asiyejua kuufungua hulala nje.

Nimekaa Voi miaka mingi, nikifundisha siku za kazi na kutazama ndege siku za mapumziko. Swali ambalo vijana huniuliza kuliko maswali mengine yote juu ya darubini ni hili: "Mwalimu, kioo kipi kinakuza zaidi?" Siwalaumu wanaouliza, kwa kuwa wauzaji huandika tarakimu kubwa kwa wino mzito, na tarakimu kubwa hupendeza macho. Lakini swali hilo silo. Swali lenyewe ni hili: "Kioo kipi kitanionyesha kweli?" Kati ya kukuza na kuonyesha kweli pana tofauti, na tofauti hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Kwanza tupatane juu ya majina. Watazama ndege hutumia darubini za namna mbili. Iko darubini ya macho mawili, ishikwayo mkononi na kuvikwa shingoni kwa ukanda. Hii aghalabu hukuza mara 8 au mara 10. Na iko darubini ya jicho moja, ndefu na nzito, isimamayo juu ya miguu mitatu. Hii ya pili ina kioo kikubwa mbele, kinachopokea nuru, na kioo kidogo nyuma, kinachoipeleka nuru hiyo jichoni. Cha mbele nitakiita kioo cha mbele, na cha nyuma nitakiita kioo cha jicho. Sithubutu kukifupisha nikakiita kijicho, maana kijicho katika lugha yetu ni husuda. Ingawa, nikisema kweli, nimewaona watu kadhaa walionunua kioo cha jicho kwa sababu ya kijicho, ili mradi tarakimu yao iipite tarakimu ya jirani.

Elimu ya vyombo hivi ni urithi wa mataifa mengi. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu kikubwa juu ya kuona. Alieleza kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, wala jicho halitoi miali ya kwenda kuvigusa vitu. Mwaka 1609 Galileo Galilei wa Italia alianza kuunda darubini zake, na Januari 1610, kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi, aliiona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza darubini ya namna nyingine, yenye kioo cha jicho kilichobinuka. Hiyo ilionyesha eneo pana zaidi, lakini picha yake ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Zilipita karne mbili na zaidi kabla ya Mwitalia Ignazio Porro kupata, mwaka 1854, hati ya uvumbuzi wa vipande vya kioo vinavyoigeuza picha ikasimama sawasawa. Tafakari jambo moja katika historia hiyo: nguvu ya 20 ilitosha kuibadilisha elimu ya mbingu. Je, haitoshi kumtambua bata?

Sasa tuje kwenye hesabu, na hesabu yake ni nyepesi. Kila kioo kina umbali wake wa kukusanya nuru mahali pamoja. Ukiugawanya umbali wa kioo cha mbele kwa umbali wa kioo cha jicho, unapata nguvu ya kukuza. Tuseme umbali wa kioo cha mbele ni milimita 480. Ukitia kioo cha jicho cha milimita 24, utakuza mara 20. Ukitia cha milimita 16, utakuza mara 30. Ukitia cha milimita 8, utakuza mara 60. Darubini ni ile ile, na bomba ni lile lile. Kilichobadilika ni kioo kidogo tu. Ndiyo sababu uchaguzi wake una uzito.

Kukuza kuna gharama, na gharama ya kwanza ni nuru. Kioo cha mbele hupokea nuru ya kiasi fulani tu, na kioo cha jicho hakiwezi kuongeza hata chembe moja. Kinapokuza picha, huitandaza nuru ile ile mahali papana zaidi, kama mtu anayepaka siagi ya kijiko kimoja juu ya mkate mzima. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza, utapata upana wa mwali unaotoka nyuma. Kioo cha mbele cha milimita 80 kwa nguvu ya 20 hutoa mwali wa milimita 4. Kwa nguvu ya 60 hutoa mwali wa milimita 1 na theluthi. Mboni ya jicho lako katika jua kali hubana ikawa milimita 2 au 3, lakini alfajiri na magharibi hupanuka, na kwa kijana gizani yaweza kufika milimita 7. Basi alfajiri, wakati ndege wanapoamka na jicho lako linapolilia nuru, picha ya nguvu ya 60 huwa na mwangaza mara 9 chini ya ile ya nguvu ya 20. Utamwona ndege mkubwa mweusi. Rangi zake zitakuwa zimebaki nje ya darubini.

Gharama ya pili ni hewa, na juu ya hii mtu wa Voi hahitaji mwalimu. Mji wetu uko nyikani, chini ya vilima vya Sagalla, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 600 hivi tu. Kufikia saa nne asubuhi ardhi yetu nyekundu imekwisha kupata moto, na hewa iliyo juu yake hupanda, hutetemeka na kucheza. Kwa macho matupu huioni sana, lakini darubini huikuza hewa kama inavyomkuza ndege. Msimamishe korongo kando ya bwawa la Aruba wakati wa adhuhuri, mtazame kwa nguvu ya 60, nawe utaona miguu yake ikijikunja kama nyoka. Wala hakuna kioo, hata kiwe cha bei gani, kiwezacho kuituliza hewa ya Tsavo. Dawa ni mbili: kupunguza nguvu, au kuamka mapema.

Kadhalika mtikisiko. Nguvu ya 60 huukuza upepo mara 60. Lori likipita barabarani, au mwenzako akigusa miguu mitatu kwa goti lake, ndege hurukaruka ndani ya kioo kama yu juu ya matatu katika njia mbovu. Mwenye miguu mitatu dhaifu hana haja ya kununua nguvu nyingi, kwa kuwa hatazitumia.

Nitakusimulia jambo moja nililolishuhudia, ili maneno haya yasibaki hewani. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, nilikuwa pamoja na vijana wawili kando ya Ziwa Jipe, lile ziwa lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa kusini wa Taveta. Mto Lumi hulijaza kwa maji ya Kilimanjaro, na milima ya Pare husimama ng'ambo yake kama ukuta. Katika miezi hiyo huwako ndege wa kwetu na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ilikuwa yapata saa sita mchana. Mbali, kwenye ukingo wa tope, alisimama kitwitwi mmoja mwenye miguu ya rangi ya kijani.

Yafaa ujue kwamba vitwitwi wawili wageni wana miguu ya namna hiyo. Mmoja ni mkubwa, na mdomo wake ni mnene kiasi, umepinda kidogo kwenda juu. Wa pili ni mdogo, na mdomo wake ni mwembamba, umenyooka kama sindano. Wakiwa pamoja hutawachanganya. Akiwa mmoja peke yake, mbali, juu ya tope lisilo na kitu cha kupimia, ukubwa hausemi lolote. Yabaki mdomo tu.

Kijana wa kwanza alizungusha kioo chake hadi nguvu ya 60, akasema, "Mwalimu, ni yule mkubwa. Mdomo umepinda kwenda juu, nauona waziwazi."

Mwenzake akainama, akatazama kitambo, akasema, "Mimi nauona umepinda juu, kisha umepinda chini, kisha umekatika katikati. Huu si mdomo, ni moshi."

Wakanigeukia mimi. Nikawaomba wapunguze nguvu mpaka 25. Ndege akawa mdogo, lakini akatulia. Tukaona kwamba ana miguu ya kijani na kifua cheupe, na kwamba mdomo haukuweza kusomeka kwa umbali ule na joto lile. "Basi tuandike nini, Mwalimu?" akauliza wa kwanza, naye alikuwa na hamu ya kujaza nafasi iliyokuwa wazi katika daftari. Nikamwambia, "Andika ulichokiona." Akafikiri, kisha akaandika kwa mkono wake: kitwitwi mmoja, miguu ya kijani, hajatambuliwa. Nilimheshimu kijana yule kwa mstari huo kuliko kama angaliandika majina kumi.

Tulilala Taveta, na kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa mahali pale pale. Jua lilikuwa nyuma yetu, maana ukingo wa Kenya uko mashariki ya ziwa, na asubuhi huliangaza kila jambo lililo mbele ya mtazamaji. Hewa ilikuwa baridi na imetulia. Alikuwako kitwitwi juu ya tope. Kwa nguvu ya 30 tuliona mdomo mwembamba ulionyooka. Kwa nguvu ya 50 tuliuona zaidi, kwa kuwa saa hiyo nguvu ilikuwa na kazi ya kufanya. Kama alikuwa ndege yule yule wa jana, siwezi kuapa, nasi hatukuufuta mstari wa jana. Lakini joto la mchana lilikuwa limempa ndege mdomo uliopinda, na mtu wa haraka angalimpa jina kwa mdomo huo.

Huenda ukauliza, "Kuna hasara gani kitwitwi mmoja akiandikwa kwa jina la mwingine?" Swali lako ni la haki. Hesabu ya ndege wa majini imekuwa ikifanywa nchini Kenya mwezi wa Januari tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Atlasi ya ndege wa Kenya, iliyotolewa mwaka 1989, ilijengwa kwa maandishi ya watazamaji wengi, na ramani mpya ya ndege wa nchi hujengwa vivyo hivyo, kipande kwa kipande, kwa orodha za watu wa kawaida. Wataalamu hawawezi kukaa kila ziwani na kila mlimani. Hutegemea ushahidi wa mwanafunzi wa Taveta, mwalimu wa Voi na mkulima wa Wundanyi. Ushahidi huo ndio unaosema ndege fulani anapungua, au bwawa fulani linafaa kulindwa. Shahidi wa ndege, kama shahidi wa barazani, hatakiwi kusema zaidi ya alichokiona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye uongo hupoteza mali likidai imo.

Wala usifikiri kwamba naidharau nguvu kubwa. Ina siku yake. Yuko kozi mmoja mdogo aitwaye kwa jina la nchi yetu, kozi wa Taita. Anton Reichenow na Oscar Neumann waliandika habari zake mwaka 1895 kutokana na ndege aliyepatikana hapa. Hukaa katika majabali marefu, naye huonekana kwa nadra sana. Alama zake ni koo jeupe na mabaka mekundu kisogoni. Nani atayaona mabaka ya kisogo juu ya jabali kwa nguvu ya 20? Asubuhi ya baridi, jua likiwa mgongoni na miguu mitatu ikiwa imara, nguvu ya 50 au 60 ndiyo itakayoamua kama umemwona yeye au umemwona kozi mwingine mwenye umbo karibu na lake. Nguvu ni kama chumvi: haikatazwi, hupimwa.

Gharama ya tatu ya kukuza ni upana. Kadiri unavyokuza, ndivyo unavyochungulia kwa tundu jembamba zaidi. Hapa ndipo vioo vya jicho vinapogawanyika katika namna mbili. Namna ya kwanza ni kioo cha nguvu moja, ambacho hakibadiliki. Kingi cha namna hii hutengenezwa kwa nguvu ya 25 au 30, na kwa uwanja mpana. Namna ya pili ni kioo cha kubadilika, ambacho ukikizungusha hupanda, kwa kawaida, kutoka 20 hadi 60. Wengi hudhani kioo cha kubadilika kikiwa katika nguvu ya chini huonyesha mahali papana kuliko kingine chochote. Sivyo. Kipo cha kubadilika ambacho kwa nguvu ya 20 huonyesha upana wa mita 36 kwa umbali wa mita 1,000, na kipo kipana cha nguvu moja ya 30 ambacho kwa umbali huo huo huonyesha mita 40 na zaidi. Hivyo cha pili hukuza zaidi na kuonyesha eneo kubwa zaidi kwa pamoja. Kwa mtu anayepekua matete ya Jipe kumtafuta ndege mmoja aliyejificha, au anayehesabu kundi la bata, upana huo ni neema. Kioo cha kubadilika kwa upande wake kina neema ya kubadilika: huhitaji kukitoa na kutia kingine penye vumbi. Kila kimoja kina sifa yake. La muhimu ni kuuliza kazi yako ni ipi kabla ya kuuliza bei.

Gharama ya nne humhusu mtazamaji mwenyewe. Mimi huvaa miwani, na huenda wewe pia unavaa au utavaa. Kila kioo cha jicho kina umbali wake ambao jicho likikaa hapo huona uwanja mzima. Umbali huo ukiwa mfupi, mwenye miwani hawezi kulifikisha jicho lake mahali panapotakiwa, na badala ya ziwa zima huona sahani ndogo katikati ya giza. Mwenye miwani atafute kioo ambacho umbali huo ni milimita 15 au zaidi, na chenye ukingo wa mpira unaokunjwa au kushushwa. Nimewahi kupewa nitazame kwa kioo ambacho kila mtu alikisifu, nisione kitu ila kope zangu mwenyewe. Waliokisifu hawakusema uongo. Kilikuwa kizuri kwa macho yao. Ndiyo sababu nakuonya usinunue kioo cha jicho kwa kusikia sifa. Viatu hupimwa kwa mguu, na kioo hupimwa kwa jicho.

Yapo pia mahali ambapo kioo bora kuliko vyote ni kile ulichokiacha nyumbani. Ukipanda kutoka Voi kwenda Wundanyi, utaiacha nyika na kuingia katika nchi ya baridi, mashamba ya ngazi na ukungu. Juu huko vimebaki vipande vya msitu wa kale: Ngangao, Mbololo, Chawia, Vuria na vingine. Ngangao, kilicho miongoni mwa vikubwa, kina hekta 120 hivi tu. Katika vipande hivyo wanaishi ndege ambao dunia nzima haina mahali pengine pa kuwapata. Yumo mmoja mdogo mwenye mkia mrefu, apalisi wa Taita, ambaye huhesabiwa miongoni mwa ndege walio karibu sana na kutoweka. Yumo mwingine wa jamii ya mikesha, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za hudhurungi. Yumo kinengenenge mwenye duara kubwa jeupe kuzunguka jicho, ambaye hupatikana pia katika mlima wa Kasigau.

Siku moja nilikuwa katika njia ya Ngangao nikiwa na darubini yangu ya miguu mitatu begani, nikienda kuutazama upande wa majabali. Nilikutana na mzee mmoja wa Kidawida akiteremka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tulisalimiana, akanyamaza kidogo akisikiliza, akasema, "Mwalimu, chombo chako ni kirefu, lakini mdogo wako yuko nyuma yako." Nikageuka polepole. Katika kichaka, hatua tano kutoka nilipokuwa, apalisi alikuwa akirukaruka kati ya majani. Darubini ya miguu mitatu isingeweza hata kumlenga, maana alikuwa karibu mno. Mzee yule alimjua kwa sauti, kama wewe unavyomjua ndugu yako anapokohoa chumba cha pili. Nilijifunza palepale kuipenda zaidi ile methali isemayo kwamba mwenye macho haambiwi tazama, nikiiongezea kimoyomoyo kwamba mwenye masikio hahitaji kuoneshwa.

Sasa nikupe mashauri machache ya kununua, maana najua katika shule nyingi fedha za chama cha mazingira hukusanywa kwa shida, na bei ya kioo kimoja kizuri yaweza kuzidi bei ya mbuzi kadhaa. Kwanza, hakikisha kwamba kioo kinaingia katika darubini yenu. Watengenezaji wengi huunda mdomo wa darubini kwa namna yao peke yao, na kioo cha mmoja hakikai katika bomba la mwingine. Pili, chama chenye fedha za kioo kimoja na kazi kubwa ya kuhesabu ndege wa mabwawani kitahudumiwa vema na kioo kipana cha nguvu ya 25 au 30. Chenye kazi za namna nyingi, na macho ya watu wengi, huenda kikapendelea cha kubadilika, mradi wajue kwamba tarakimu za juu ni za asubuhi. Tatu, msikijaribu dukani penye taa kali. Kitoeni nje jioni, kitazameni kitu chenye maandishi madogo kilicho mbali, kisha mtazame ukingo wa picha kama uko safi sawa na katikati. Wote wajaribu, warefu na wafupi, wenye miwani na wasio nayo. Nne, zilinganisheni bei mbili: bei ya kioo na bei ya miguu mitatu imara. Mara nyingi ya pili huongeza kuona kuliko ya kwanza.

Kikishapatikana, kitunzwe. Maadui wake kwetu ni wawili. Wa kwanza ni vumbi la Voi, ambalo ni mchanga mwembamba wenye makali. Ukilisugua kwa ncha ya shati unakwaruza kioo. Lipulizie kwanza, ulipanguse kwa brashi laini, na kitambaa safi kije mwisho. Wa pili ni ukungu, na lugha yetu imefanya vema kutumia neno moja kwa mambo mawili, kwa kuwa ukungu wa hewani katika vilima vya Taita huzaa ukungu wa kuvu juu ya kioo kilichofungiwa mfukoni kikiwa na unyevu. Kikaushe kabla ya kukifunga. Na juu ya maonyo yote, usiielekeze darubini kwenye jua huku jicho likiwapo, hata kwa nguvu ndogo kabisa. Jua hupofusha mara moja, na hakuna kioo kiwezacho kurudisha jicho.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Usidhani kwamba insha hii imeipinga methali hiyo. Wazee hawakumlaumu anayelipima jembe kwa ardhi yake. Walimlaumu yule ambaye msimu wa mvua hupita angali dukani. Ikiwa leo huna kioo cha nguvu yoyote, toka nje na macho yako na daftari. Sikiliza. Andika ulichokiona, na penye shaka andika shaka. Siku utakapopata darubini, utakuwa tayari na jicho la kuweka nyuma yake, nawe hutauliza tena kioo kipi kinakuza zaidi. Utatazama saa, utatazama jua liko upande gani, utaipima hewa kwa uso wako, kisha mkono wako wenyewe utajua kiasi cha kuzungusha.